Mkuku Kwanza, Mabawa Baadaye

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi, wazazi na walimu mjini Jinja wakati wa likizo ya Desemba, kama ilivyoandikwa baadaye na msemaji mwenyewe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazazi wenzangu, walimu, na nyinyi wanangu mliokuja na matofali yenu ndani ya makopo, soksi na kaveera, ile mifuko ya plastiki, hamjambo.

Nimeombwa niseme kwa muda wa nusu saa juu ya jambo ambalo baadhi ya majirani zangu wa Walukuba bado wanaliona kuwa ni mzaha wa mtu mzima aliyekosa shughuli ya jioni: kujenga vyombo vya anga kwa matofali ya plastiki ya kuchezea, na kuvijenga si kwa kufuata karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi, bali kwa kubuni chombo chako mwenyewe kuanzia ncha ya mbele hadi injini za nyuma. Kazi yangu ya mchana ni kufundisha useremala na uchomeleaji katika chuo cha ufundi. Nawaambieni hilo mapema kwa sababu yote nitakayoyasema yametoka karakana, na mkiona nazungumza sana juu ya boriti na kidogo juu ya nyota, mjue ndivyo nilivyo.

Nianze na tofali lenyewe. Kampuni ya LEGO ilianzishwa mwaka 1932 na seremala, Ole Kirk Christiansen, katika mji mdogo wa Billund nchini Denmark, na jina lake lilifupishwa kutoka maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vizuri". Tofali tunalolijua leo, lenye vinundu mgongoni na mirija tumboni, liliombewa hataza tarehe 28 Januari 1958, na vipimo vyake vimelindwa tangu siku hiyo, kiasi kwamba tofali la mwaka ule hushikana sawasawa na lile lililotoka kiwandani juzi. Kabla ya kuwekwa mirija, matofali yalikuwa matupu ndani, na ukuta uliojengwa kwayo uliporomoka kwa kuguswa tu. Mirija ndiyo iliyovibana vinundu. Kwa hiyo, hata siri ya tofali moja dogo haiko kwenye uso wake unaong'aa. Iko tumboni, mahali ambapo mnunuzi haangalii. Nitalirudia neno hili la tumboni mpaka mnichoke.

Shikeni namba tatu, maana bila hizo hatutaelewana. Kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya kinundu cha jirani ni milimita 8. Kimo cha tofali, ukiacha kinundu chake, ni milimita 9.6. Kimo cha kibapa, yaani lile tofali jembamba, ni milimita 3.2, kwa hiyo vibapa vitatu vikipandana vinalingana na tofali moja. Mwanafunzi aliyekaa pale mbele anatikisa kichwa kana kwamba namba hizo anazijua tangu zamani, nami namwamini, lakini nitamwuliza baadaye.

Chombo changu cha kwanza kikubwa kilikuwa na urefu wa vinundu 100, yaani sentimita 80 kamili. Sikuuchagua urefu huo kwa kubahatisha. Miongoni mwa wajenzi wa vyombo hivi duniani, vinundu 100 ndicho kizingiti ambacho chombo kikishakivuka huhesabiwa kuwa meli kubwa, na wapo ambao kila mwaka huutenga mwezi mzima wa Septemba kwa kazi hiyo tu. Mimi Septemba moja haikunitosha. Nilikijenga kwa miezi minane, jioni baada ya jioni, na umeme ulipokatika niliendelea kwa tochi. Kilikuwa cha kijivu, chenye mstari wa buluu ubavuni na kioo cha manjano mbele, na uzito wake ulipita kilo 4. Nikaalikwa nikakionyeshe katika shule moja mjini Kampala. Nilikipakata ndani ya taksi, mkono mmoja puani na mwingine mkiani, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Tulipokaribia Najjembe, pale ambapo abiria wote hushikwa na njaa ghafla kwa sababu ya harufu ya kuku wa kuchoma, dereva aliliona tuta likiwa tayari chini ya magurudumu. Sikusikia kishindo chochote. Nilisikia sauti ndogo, kama ya mtu anayebanja karanga, kisha mikono yangu ikaachana: wa kulia umebaki na pua, wa kushoto umebaki na injini, na katikati ilikuwa mvua ya vipande. Kondakta, kijana muungwana, aliwasha tochi ya simu yake akaingia chini ya viti kuokota. Mama aliyekaa nyuma yangu alinirudishia kile kioo cha manjano akikitoa katikati ya gonja, ndizi za kuchoma, alizokuwa ametoka kununua dirishani, akaniuliza kwa upole kama mtoto mwenyewe atalia sana. Nilimjibu kwamba mtoto mwenyewe ni mimi.

Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Changu kilikuwa nao usukani, tena wa kupendeza, wenye bawaba na wa kugeuka pande zote mbili. Kilichokosekana ni mkuku, yaani uti wa kukibeba.

Nilipofika nyumbani nilivitandaza vipande juu ya mkeka nikavikagua jinsi fundi anavyokagua kiti kilichovunjika. Chombo kilikuwa kimepasuka katika mstari ulionyooka kama uliokatwa kwa msumeno, kwenye kinundu cha 48. Sababu ilikuwa ya aibu: vibapa vyote vya sakafu, tabaka zote tatu, vilikuwa vimeishia kwenye mstari huohuo mmoja. Fundi mwashi wa mwaka wa kwanza anajua kuwa kiungo cha mstari wa juu hakiwekwi juu ya kiungo cha mstari wa chini, na mimi mwenyewe nimewakata alama wanafunzi wangu kwa kosa hilo. Lakini nilikuwa nimeanza na pua, kwa sababu pua ndiyo tamu, halafu nikawa naongeza nyuma kidogo kidogo kila jioni, kama mtu anayeongeza vyumba vya kupangisha bila ramani. Ngozi ilikuwa nzito na nzuri, na ndani yake hamkuwa na kitu cha kuibeba.

Jumapili iliyofuata nilishuka mwaloni Masese, ambako mafundi huunda mashua za wavuvi. Niliyekuwa nikimtafuta alikuwa ameulaza juu ya magogo mti mmoja mrefu uliochongwa, uti wa chini wa mashua ambao watu wa pwani huuita mkuku, na juu yake hakukuwa na ubao hata mmoja. Nilimweleza mkasa wangu. Hakucheka, jambo ambalo nalikumbuka kwa shukrani. Aliushika mkuku kwenye ncha moja, akauinua hadi kifuani, akaniambia nitazame katikati. "Tumbo likining'inia sasa," alisema, "ziwani litapasuka." Kisha akaushusha akaendelea na randa lake.

Tangu siku hiyo sijengi pua. Nalaza mkuku kwanza, nauinua kwa ncha moja, natazama tumbo, na nisiporidhika sigusi kitu kingine. Sasa niwaeleze mkuku wa matofali unavyoundwa, na hapa naomba wazazi wavumilie kwa dakika chache.

Boriti ikilala kwa upana huwa dhaifu, na ikisimama kwa kimo huwa na nguvu. Kila mtu aliyewahi kuweka ubao juu ya mtaro ameliona hilo kwa macho: ubao uliolala hupinda, uliosimama kwa ubavu haupindi. Kwa boriti ya kitu kimoja kisicho na viungo, ukiongeza upana mara mbili ukakamavu huongezeka mara mbili, lakini ukiongeza kimo mara mbili ukakamavu huongezeka mara nane. Kwa hiyo mkuku wa chombo cha vinundu 100 usiwe sakafu pana ya vibapa, kama ulivyokuwa wangu. Uwe ukuta mwembamba uliosimama katikati ya chombo kama uti wa samaki, nao mabawa na mbavu vining'inie kutoka kwake.

Ila matofali si kitu kimoja. Ukuta wa matofali ya kuchezea unapobeba mzigo, tabaka zake hutaka kuachana, maana vinundu hushika vizuri dhidi ya kusukumwa kando lakini hung'oka vikivutwa juu. Dawa yake ni yale matofali yenye matundu ubavuni, ambayo LEGO ilianza kuyauza mwaka 1977 katika seti zake za kiufundi. Chukueni boriti mbili za matundu, moja chini na moja juu, na katikati yake mtie vibapa viwili. Pigeni hesabu: kutoka tundu la chini hadi tundu la juu kuna kimo cha tofali moja, milimita 9.6, na vibapa viwili, milimita 6.4. Jumla ni milimita 16. Na milimita 16 ni nini? Ni vinundu viwili kamili. Maana yake ni kwamba boriti fupi ya tatu inaweza kusimamishwa wima ubavuni, ikafungwa kwa pini kwenye tundu la juu na la chini bila kulazimisha chochote, na baada ya hapo tabaka hizo haziwezi kuachana hata mkitaka, mpaka mchomoe pini. Mkirudia kifungo hicho kila baada ya vinundu 10 au 12, na mkihakikisha kuwa kiungo cha boriti ya juu kinaangukia katikati ya boriti ya chini, mtakuwa na mkuku ambao naweza kuutumia kumfukuzia mbuzi.

Wajenzi wengi huziona pini hizo kuwa ni vitu vya kujengea malori na kreni, si vyombo vya anga. Wanakosea. Mwenye kudharau pini atarudi Najjembe.

Hesabu ile ya milimita 16 ina mlango mwingine, nao ndio unaotofautisha mjenzi wa boksi na mjenzi wa kubuni. Vibapa vitano vikipandana vina kimo cha milimita 16, yaani sawa na upana wa vinundu viwili. Hii ndiyo ruhusa ya kujenga kwa ubavu. Kwa kutumia braketi ndogo, yaani kipande kilichokunjwa kama herufi L, au tofali lenye kinundu ubavuni, mnaweza kugeuza sehemu nzima ya chombo ikalala upande wake, vinundu vikatazama kushoto na kulia badala ya juu, na bado kila kitu kikakutana bila ufa, alimradi mmehesabu vitano kwa viwili. Chombo ambacho vinundu vyake vyote vinatazama juu huonekana kama ngazi, hata kiwe kikubwa vipi. Kilichojengwa kwa ubavu huwa na mashavu laini, mistari mirefu isiyokatika, na madirisha membamba ya kimo cha kibapa kimoja.

Nitawapa zoezi la nyumbani, na nimelichagua kutoka kwetu. Tarehe 7 Novemba 2022, satelaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa kutoka Virginia nchini Marekani, ikapelekwa kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa pamoja na satelaiti ya kwanza ya Zimbabwe, na tarehe 2 Desemba ikaachiliwa kutoka kituoni humo ili iizunguke dunia. Wahandisi wetu watatu waliijengea Japani, katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu. Ilikuwa ya jamii ya satelaiti ndogo za mchemraba, ambazo kipimo chake ni sentimita 10 kwa 10, na kimo, pamoja na reli za pembeni, sentimita 11 na kidogo. Mwanafunzi wa P.5, yaani darasa la tano, angeweza kuishika kwa viganja viwili. Basi ijengeni kwa ukubwa wake halisi, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, reli mtaziongeza baadaye.

Mtagundua tatizo mara moja. Sentimita 10 ni vinundu 12 na nusu, na nusu ya kinundu haiuzwi. Mkiweka 12 mnapata milimita 96, na mkiweka 13 mnapata 104. Mjenzi wa boksi husema, basi iwe 12, nani atapima? Mjenzi wa kubuni huweka vinundu 12, kisha kwenye pande mbili zinazopakana huweka matofali yenye vinundu ubavuni na kubandika vigae, yaani vibapa visivyo na vinundu, vikiwa vimesimama kwa upana wake. Kigae kina unene wa milimita 3.2, na 96 ukijumlisha 3.2 ni 99.2. Sasa njooni kwenye kimo: matofali 10 ni milimita 96, na tabaka moja ya vigae juu yake ni 3.2, jumla 99.2 vilevile. Mchemraba umepatikana, umekosea kwa chini ya milimita moja, na pande zake zote zimelingana. Mara ya kwanza nilipolipata jibu hilo nilikuwa peke yangu mezani saa tano za usiku, na nilimwamsha mke wangu. Hakufurahi kama nilivyotarajia.

Ukubwa halisi unawezekana kwa satelaiti ndogo tu. Kwa vyombo vingine lazima mchague uwiano, na swali la kwanza ni kama mnataka watu ndani. Yule mtu mdogo wa LEGO ana kimo cha sentimita 4 hivi. Mkimchukulia kuwa ni mtu mzima wa sentimita 170, uwiano wenu ni kama 1 kwa 42. Vile vyombo vya Marekani vilivyokuwa vikirushwa kama roketi na kutua kama ndege vilikuwa na urefu wa mita 37, basi kwa uwiano huo mtahitaji karibu sentimita 88, ambao ni urefu wa meli kubwa niliyoitaja. Roketi ya Saturn V, iliyowapeleka watu mwezini, ilikuwa na mita 110 na ziada. Kwa uwiano huohuo itafika mita 2.6 na haitapita mlangoni ikiwa imesimama. Ndiyo maana seti ya Saturn V ambayo LEGO iliitoa mwaka 2017, na ambayo asili yake ilibuniwa na wapenzi wa matofali kama nyinyi, ilitumia uwiano wa 1 kwa 110, ikawa na kimo cha mita moja. Idadi ya vipande vyake ni 1,969, kwa heshima ya mwaka wa kutua mwezini. Na ile satelaiti yetu, kwa uwiano wa mtu mdogo wa LEGO, ingekuwa na upana wa milimita 2.4 hivi, pungufu hata ya unene wa kibapa kimoja. Msichukue hilo kama dharau. Lichukueni kama onyo kwamba uwiano huamuliwa kabla ya kununua tofali la kwanza.

Kisha jiulizeni chombo kinakwenda wapi. Naona michoro yenu ukutani pale, na katika michoro kumi, tisa ina mabawa. Mabawa ya nini? Angani hakuna hewa ya kuyabeba. Chombo kilichotua mwezini Julai 1969 hakikuwa na bawa wala pua iliyochongoka. Kilikuwa na miguu minne myembamba na mwili wenye pembe pembe kama jiko la mkaa lililokanyagwa, kwa sababu hakikuundwa kupita kwenye hewa. Bawa lina maana kwa chombo kitakachorudi kutua kwenye uwanja wa ndege. Mkilitaka, liwekeni, lakini lifungeni kwenye mkuku kwa pini, si kwenye ngozi, na mkitaka liende mshazari tumieni bawaba mbili, moja mbele na moja nyuma, maana bawaba moja hulegea. Njia nyingine ni pembetatu ya 3, 4 na 5 tuliyofundishwa darasani: boriti za matundu zikifungwa kwa umbali wa vizio 3, 4 na 5, pembe mraba hujipata yenyewe na haitikisiki.

Wala msidhani vyombo vya anga ni habari za mbali tu. Baharini karibu na Malindi, nchini Kenya, kuna jukwaa la San Marco, lililosimama kwa miguu yake ndani ya maji, ambako Waitaliano walirushia roketi kwa kuwa mahali hapo pako karibu na ikweta, na mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo satelaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, nayo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Jukwaa la chuma juu ya miguu mirefu, bahari ya vibapa vya buluu chini yake, na roketi nyembamba katikati: hadi leo sijamwona mtoto aliyelijenga.

Juu ya ngozi na rangi nitapita haraka. LEGO ilipoanza mfululizo wake wa anga mwaka 1978, vyombo vilikuwa vya buluu na kijivu, vyenye vioo vya manjano, na mbunifu wake, Jens Nygaard Knudsen, ndiye pia aliyemuunda yule mtu mdogo. Rangi chache ndizo zilizovifanya vitambulike hata kwa mbali. Chagueni rangi mbili na ya tatu ya kuonjesha, basi. Chombo chenye rangi saba ni kanga.

Vikorokoro ni habari nyingine, na navipenda kupita kiasi. Nasema vile vipande vidogo vinavyobandikwa juu ya ngozi ili chombo kionekane kikubwa na chenye mitambo: mabomba, vali, antena, matundu ya kupumulia. Watengenezaji wa vyombo vya sinema za anga za miaka ya 1970 walinunua maboksi ya vifaru na meli za kivita za plastiki, wakavivunja, wakabandika vipande vyake kwenye vyombo vyao, na macho ya watazamaji yakadanganyika. Kwenye matofali, kila kitu ni korokoro: bomba la kuzimia moto la yule mtu mdogo, viatu vyake vya barafuni, kikombe chake, hata usukani wa gari. Ila nina sharti moja. Kabla ya kubandika, mwambie mwenzako kitu hicho kinafanya kazi gani. Kama ni bomba, linatoka tangi lipi na kwenda injini ipi? Chombo ambacho vikorokoro vyake vina safari huonekana kimejengwa na mtu anayekifahamu. Kilichomwagiwa tu huonekana kama karai la skrepa.

Mzazi mmoja aliniuliza mlangoni kuhusu gharama, na swali lake ni la haki. Maboksi mapya ni ghali, sitaficha. Matofali yangu mengi nimeyapata Kampala, soko la Owino, kwenye marobota ya mivumba, yaani mitumba, ya vitu vya watoto, yakiwa yamechanganyika na magurudumu, vichwa vya wanasesere na mara moja jino la kweli. Yaosheni kwa sabuni na maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, si ya moto, maana plastiki hiyo hupinda na tofali lililopinda halishiki tena. Yaanikeni kivulini, jua letu huigeuza kijivu na nyeupe kuwa njano ya meno ya mvutaji. Mtakutana na matofali ya viwanda vingine pia. Mengine ni mazuri, mengine hubana kupita kiasi au hulegea, kwa hiyo yatumieni kwenye ngozi na vikorokoro. Kwenye mkuku wekeni yale mnayoyaamini.

Gundi siitumii, na katika kikundi hiki haitatumika. Gundi huficha kosa la kiungo badala ya kulirekebisha, na tofali lililogundishwa halina maisha ya pili. Matofali sita ya vinundu vinane, ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Ukitia gundi umebakiwa na moja. Mwenye kompyuta anaweza kupakua bure programu iitwayo Studio, akajenga kwenye skrini kwa matofali yasiyokwisha kabla ya kugusa ya kweli, na baadhi ya wanafunzi wangu hufanya hivyo. Mimi huitumia kwa kuhesabu vipande. Kwa kupima mkuku bado nauamini mkono, maana skrini haina tuta.

Na kwa wazazi wanaoniuliza kama hii ni kazi ya watu wazima: mwaka 2011 mwanaanga wa Japani, Satoshi Furukawa, akiwa ndani ya Kituo cha Anga cha Kimataifa, alikijenga kituo hichohicho kwa matofali ya LEGO. Vipande vilikuwa vikielea, hivyo ilimbidi afanyie kazi ndani ya kisanduku kilichofungwa. Kilichonivutia si kwamba alikuwa huko juu. Kilichonivutia ni kwamba kielelezo chake kilikuwa kikubwa na chembamba kiasi kwamba hapa duniani kisingeweza kuubeba uzito wake chenyewe. Yeye peke yake ndiye aliyesamehewa mkuku. Sisi tulioko Jinja bado tuna uzito.

Sasa meza zile tatu za nyuma zina masanduku niliyokuja nayo. Leo hakuna pua, hakuna bawa, hakuna kioo cha manjano. Hivyo vimebaki nyumbani kwa makusudi. Kuna boriti za matundu, vibapa, na pini. Kila kikundi cha watu wanne kitaunda mkuku wa vinundu 40, yaani sentimita 32, kisha tutauweka ukitanda kati ya viti viwili, kila ncha ikiegemea kinundu kimoja tu, na katikati tutaning'iniza kwa uzi pakiti ya chumvi ya nusu kilo. Nitahesabu hadi sitini, na baada ya hapo nitagonga kiti kwa goti mara moja, kwa niaba ya dereva yule. Mkuku utakaobaki umenyooka utarudi hapa Jumamosi ijayo kujengewa mbavu. Chumvi ninayo.